Polisi wamesema "alitoroka mwenyewe." Je, mtoto bado anahesabika kama muathirika? Jibu kwa familia iliyoko Marekani

Swali: "Shikamoo mama. Tunaishi Marekani, mimi na dada yangu na watoto. Mwezi uliopita binti wa dada, ana miaka 15, hakurudi kutoka shule. Jirani akatuambia polisi hawapokei kesi mpaka zipite saa 24, tukasubiri usiku kucha. Kesho yake tukaenda, wakaandika, wakasema huyu ametoroka mwenyewe maana alibeba begi la nguo. Tukaomba ile AMBER Alert, tangazo la mtoto aliyetekwa linalolia kwenye simu za watu, wakakataa. Siku ya nne akarudi, ndo tukajua kuna mwanaume mtu mzima walijuana mtandaoni, alimnunulia simu ya pili na viatu, akaja kumchukua. Sasa mtoto halali usiku, chakula hagusi, shule hataki. Bili ya hospitali imekuja, dada hajaenda kazini wiki tatu. Kuna anayesema serikali ina mfuko wa waathirika wa uhalifu, mwingine anasema ni wa raia tu na ukiomba unajitafutia balaa, maana karatasi za dada hazijakaa sawa. Na kama polisi walishasema alienda mwenyewe, si ndo basi tena? Naomba uniambie ukweli."

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana nyumba nzima. Mtoto amerudi, yuko hai, yuko ndani, na nyie mnatafuta msaada badala ya kumfokea. Msilione hilo dogo, mtoto anayerudi nyumbani kwenye kelele anaweza kutoka tena upesi.

Umeuliza mambo manne, zile saa 24, AMBER Alert, hela na karatasi, lakini nikikusoma naona hofu moja iliyoyabeba yote, kwamba kwa vile binti alipanga begi na kutoka kwa miguu yake basi sheria imeshamfuta. Haijamfuta. Kazi yangu ni kusindikiza familia za waathirika, polisi, hospitali, mahakamani, na ninachokiona ni kwamba familia zetu mara nyingi hazinyimwi na sheria yenyewe, zinakosa kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu gani kiombwe wapi na kwa jina gani. Ngoja nikueleze moja moja.

Hizi saa 24 sijui nani alizianzisha, nadhani sinema zimezieneza, lakini kwa mtoto hapa Marekani hazipo kabisa. Kuna sheria ya serikali kuu ya mwaka 1990 inayokataza kituo chochote cha polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Mwaka 2003 ikaongezwa iwahusu vijana mpaka chini ya miaka 21, halafu mwaka 2006 ikaja sheria yenye jina la Adam Walsh, mtoto wa miaka 6 aliyechukuliwa dukani Hollywood, Florida, mwaka 1981 na kukutwa ameuawa, nayo ikasema taarifa ikishapokelewa jina la mtoto liingizwe kwenye kompyuta ya FBI inayoitwa NCIC ndani ya saa mbili. Saa mbili, siyo kesho. Na sheria haikusema "aliyetekwa tu", inamhusu mtoto aliyepotea, awe amebebwa au ametoka mwenyewe kwa hasira.

Hiyo NCIC ndo moyo wa kila kitu kwa hiyo nikueleze inafanyaje kazi. Ni orodha ambayo polisi wa nchi nzima wanaiona. Mtoto wako akiwa humo, polisi wa jimbo la mbali akisimamisha gari kwa taa iliyoungua, akaandika jina la binti aliyekaa kiti cha mbele, kompyuta inamwambia huyu anatafutwa na kituo fulani, kesi namba fulani. Asipokuwemo humo polisi huyo anaona binti amekaa na mtu mzima, anawaruhusu waende zao. Ndo maana mkiwa pale kaunta swali la kuuliza siyo "mtamtafuta?" maana jibu litakuwa ndiyo siku zote. Ulizeni "ameshaingizwa NCIC? nipe namba ya kesi na jina la afisa." Usiku ule mliopoteza siyo dhambi yenu, mlipewa habari ya uongo na mtu aliyeiamini, lakini msiipitishe kwa mwingine, na huyo jirani mwambieni kwa upole.

Hapa nikawie kidogo maana mtoto aliyetoka mara moja anaweza kutoka tena, na wapo wengine wanaosoma hili ambao leo ndo mtoto hajarudi. Kwanza nyumba: chini ya vitanda, makabati, rundo la nguo chafu, ndani ya mashine kubwa kama ya kufulia, buti la gari, hasa mtoto akiwa mdogo. Akiwa na usonji anzia kwenye maji, bwawa, mto, swimming pool ya jirani, kwa sababu watoto hawa wengi wakipotea wanaelekea majini na kuzama ndo kunawaua zaidi. Ukishaangalia, au mwenzako akiwa bado anaangalia, piga 911. Hujui Kiingereza vizuri? Sema neno moja tu, "Swahili", usikate simu hata kukiwa kimya, wanakutafutia mkalimani. Halafu piga 1-800-843-5678, hiyo ni National Center for Missing & Exploited Children, shirika lililoanzishwa mwaka 1984 ambalo serikali kuu inalifadhili kwa kazi hii, wanapokea usiku na mchana na wakalimani wanao pia. Wao siyo polisi, na watakutaka uwe umeshatoa taarifa polisi kwanza, ila wanatengeneza mabango, wanasambaza picha, wanafuatilia na kituo kilichopokea kesi.

Na picha jamani. Familia zetu zinaleta picha ya harusi, mtoto amepakwa poda, amesukwa rasta ambazo zilishafumuliwa, amevaa sare ya kitenge, kacheka mpaka macho yamefungwa, au picha ya simu iliyolainishwa na filta mpaka kovu la shavuni limepotea. Afisa anaiangalia anakuuliza "ndo anavyoonekana?" unasema hapana. Wanachohitaji ni uso wake wa siku ya kawaida, mwanga wa kutosha, bila kofia, ya miezi michache iliyopita. Piga leo, kwa kila mtoto wa nyumba, iweke kwenye simu pamoja na urefu, uzito, alama mwilini. Chumba chake msikifagie wala kufua mashuka, mswaki na kitana viachwe hapohapo kwa sababu DNA na harufu ya kufuatwa na mbwa vinatoka humo. Na mkibandika namba yenu mtandaoni jueni kuna watu wasio na huruma watapiga kusema wanaye mtoto, watume hela. Msitume, mpeni afisa hiyo namba.

Tuje kwenye AMBER Alert. Najua mliumia, simu za mji mzima zimekaa kimya wakati mtoto hayupo. Mfumo huu umeanzia eneo la Dallas na Fort Worth, Texas, baada ya binti wa miaka 9, Amber Hagerman, kunyakuliwa akiendesha baiskeli Arlington Januari 1996, mwili wake ukakutwa siku nne baadaye. Watu wa pale wakauliza, kama redio zinaweza kukatiza vipindi kwa ajili ya kimbunga, kwanini zisikatize kwa ajili ya mtoto? Sasa majimbo yote yanao, na tangu 2013 unaingia moja kwa moja kwenye simu. Kila jimbo lina masharti yake ila yanafuata mwongozo wa Wizara ya Sheria: polisi waamini kweli kuna utekaji, mtoto awe hatarini kuumizwa vibaya au kuuawa, kuwe na maelezo ya kutosha ya mtoto na mtekaji au gari, awe na miaka 17 kushuka chini, na jina liwe limeingia NCIC. Binti yenu siku ile ya kwanza polisi walikuwa na begi lililopangwa, hawakuwa na jina la mtu wala gari wala ushahidi wa kunyakuliwa. Kwa masharti hayo hapakuwa na AMBER, na sitakudanganya kwamba ungelia zaidi wangetoa.

Sababu ya kubana hivyo ipo. Zinatolewa kama mia mbili hivi kwa mwaka nchi nzima, wakati taarifa za watoto waliopotea zinazoingia NCIC ni zaidi ya laki tatu kila mwaka, mwaka 2022 zilikuwa 359,094 (hizo ni taarifa, mtoto mmoja akitoroka mara tano anahesabiwa mara tano, na wengi wanapatikana haraka). Simu ikilia kwa kila mmoja watu wataizima sauti, na siku mtoto ameingizwa kwenye gari kwa nguvu hakuna atakayeangalia. Kwa jinsi inavyotumika sasa watoto zaidi ya elfu moja wamepatikana kupitia tangazo hili tangu lianze. Hiyo kweli ni kazi.

Lakini nisiishie hapo maana kuna upande mwingine, na mimi nauamini. Uamuzi wa "huyu ametekwa, huyu ametoroka" unafanywa na mtu aliyekaa kaunta kwa dakika chache, na wazazi weusi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba watoto wao wanapigwa muhuri wa mtoro upesi kuliko wengine. California ilisikia, ikaanzisha Ebony Alert kuanzia Januari 2024 kwa ajili ya vijana na wanawake weusi wa miaka 12 mpaka 25. Ulizeni jimbo lenu lina matangazo gani mengine nje ya AMBER, mengi yanayo, kuna ya mtoto aliye hatarini ambayo hayahitaji utekaji. Na mkipata habari mpya, jina, akaunti, rangi ya gari, rudini kituoni saa hiyohiyo mseme "kuna hiki kipya, naomba muangalie upya", kwa sababu muhuri wa siku ya kwanza siyo lazima ubaki.

Sasa hili la "alienda mwenyewe", ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote uliyoandika. Kesi zinazopita kwenye kile kituo cha kitaifa nilichokutajia, zaidi ya asilimia 90 ni watoto waliotoroka, na wanaitwa watoro walio hatarini, siyo watoto watundu. Mtoto wa miaka 15 anatoka nyumbani kwa miguu yake kwa sababu kuna mtu alishafanya kazi kichwani mwake kwa wiki au miezi kabla. Mtu huyo anaanza na sifa, "wewe siyo kama wenzako", halafu anasikiliza shida za nyumbani kuliko mama anavyosikiliza, kisha zawadi, kisha siri, na ile simu ya pili uliyoitaja ndo siri yenyewe, imenunuliwa ili wazungumze bila mama kuona. Siku mtoto anapopanga begi anaona anachagua mwenyewe. Sheria hailioni hivyo. Umri wa kuridhia ngono unatofautiana kwa majimbo, miaka 16 mpaka 18, na 15 haufiki popote kwa mtu mzima. Kumshawishi mtoto chini ya miaka 18 kwa intaneti kwa ajili ya mambo ya ngono ni kosa la serikali kuu, kifungo hakipungui miaka 10. Na ikiwa kulikuwa na kitu chochote cha thamani kilichotolewa ili alalwe, awe ametoa yeye huyo mwanaume au wengine, sheria ya mwaka 2000 ya biashara ya binadamu inamhesabu mtoto kama muathirika bila kuuliza alilazimishwa au alikubali. Viatu na simu vinaweza kuingia humo. Nasema vinaweza, mimi sijui yaliyotokea siku zile nne na sitaki uniandikie hapa, hayo ni ya mpelelezi na mwendesha mashtaka kuyapima.

Kinachopotea kwa familia nyingi ni hapa: mtoto akirudi, polisi wanafunga kesi ya kupotea, jina linatolewa NCIC, na kila mtu anapumua. Kesi imeisha. Lakini iliyoisha ni ya kupotea, kosa alilofanyiwa ni kesi nyingine kabisa, yenye namba yake, na haijifungui yenyewe, lazima mtu aende aseme "nataka kuripoti uhalifu dhidi ya mtoto". Kwa maelezo yako inaonekana hiyo ya pili haijaandikwa. Bila namba hiyo mambo yote ninayokueleza huku chini yanakuwa magumu.

Kabla ya kwenda, msimhoji mtoto. Najua mama anataka kujua kila kitu usiku huuhuu, lakini kila anayemuuliza anamfungua kidonda upya na maneno yanabadilika kidogo, wakili wa yule mtu ndo atakuja kuyashika mahakamani. Kuna vituo vinaitwa Children's Advocacy Center, cha kwanza kilifunguliwa Huntsville, Alabama, mwaka 1985, sasa viko zaidi ya 900 nchi nzima. Pale mtoto anakaa kwenye chumba cha kawaida na mtu mmoja aliyefundishwa kuzungumza na watoto, polisi na mwendesha mashtaka wanafuatilia wakiwa chumba kingine, ili asirudie simulizi kwa watu sita tofauti. Daktari na mshauri wa akili wanapatikana hapohapo au wanakuunganisha nao, na familia hailipi. Mwambieni mpelelezi mnataka mahojiano yafanyike huko.

Daktari muendeni hata kama siku zimepita. Ushahidi wa mwilini majimbo mengi wanachukua mpaka kama siku tano, na dawa za kuzuia virusi vya HIV zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, hayo kwa binti yenu yameshapita, nayaandika kwa wengine, ila vipimo na matibabu bado vinamhusu sana. Uchunguzi ule wa ushahidi wa unyanyasaji wa kijinsia familia haitakiwi kutozwa. Kama kwenye bili yenu upo, pigeni hospitali muuulizie kwa jina.

Ile simu ya pili msiifute chochote, msimwandikie huyo mwanaume kumtukana, msijifanye mtoto ili kumtega. Weka kwenye bahasha, izimwe, ikabidhiwe. Na kama kuna picha zake za faragha zimetumwa, kuna huduma ya bure ya hicho kituo cha kitaifa inaitwa Take It Down, picha haitoki kwenye simu yenu, inatengenezwa alama ya tarakimu tu kutoka kwenye picha, na mitandao inayoshiriki inatumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Mpeni simu mpelelezi kwanza, au muulizeni mpangilio, ili ushahidi usiguswe.

Hela sasa. Ndiyo, mfuko upo, na siyo uvumi. Mwaka 1984 ilipitishwa sheria ya waathirika wa uhalifu, ikaanzisha mfuko ambao haujazwi na kodi zenu, unajazwa na faini na adhabu wanazolipa waliohukumiwa mahakama za serikali kuu. Hela zinashuka majimboni, na kila jimbo lina ofisi ya fidia ya waathirika. Wanalipa matibabu, ushauri wa kisaikolojia, mshahara uliokosekana, mazishi pale mtu ameuawa, na majimbo mengi yanamlipa pia mzazi aliyeacha kazi kumuuguza mtoto. Hakuna sharti la mhalifu kukamatwa wala kuhukumiwa. Kinachotakiwa kwa kawaida ni kosa kuripotiwa na familia kushirikiana kwa kiasi cha kueleweka na polisi, ndo maana nimeng'ang'ania ile namba ya pili.

Upande wa pili wa ukweli, maana umeuomba. Mfuko huu unalipa mwisho: bima kwanza, Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kwanza, kilichobaki ndo wao. Una dari, mfano Texas kwa kawaida ni dola 50,000 na California 70,000, na maumivu ya moyo haulipii, unalipia gharama zenye risiti. Una muda wa mwisho, Texas miaka mitatu, California saba, kwa watoto mara nyingi unaongezwa, kwenu ulizeni wiki hii. Unachukua miezi. Na wanakataa maombi, wakati mwingine kwa karatasi moja iliyokosekana, lakini barua ya kukataa inakuja na haki ya kukata rufaa na wapo wanaokata wakafanikiwa, basi msiitupe. Pia jueni kiasi kinachotolewa kutoka kwenye mfuko kinapanda na kushuka, bunge liliruhusu kama dola bilioni 1.9 mwaka wa bajeti 2023, mwaka uliofuata bilioni 1.35, na Aprili 2025 Wizara ya Sheria ikafuta mamia ya ruzuku kwa mashirika ya kusaidia waathirika na usalama. Kwa hiyo ukipiga namba ya shirika ukakuta wamepunguza watu, ndo hali halisi, piga lingine. Mimi hili linaniuma, sheria ni nzuri lakini mtu wa kumshika mama mkono pale kaunta analipwa na ruzuku hizohizo.

Wakati mnasubiri, mkishapeleka fomu mtapewa namba ya maombi. Pigeni idara ya bili ya hospitali muwape hiyo namba, muombe wasiipeleke bili kwa wakusanya madeni. Hospitali nyingi zinakubali, ila haliji lenyewe, ombeni na muandike jina la mliyeongea naye.

Je ni ya raia tu? Sheria ya mfuko haisemi hivyo, na majimbo mengi hayaulizi uraia kabisa kwenye fomu hii. Muathirika hapa ni mtoto. Ila hofu ya dada yako siwezi kuipuuza wala kumwambia "nenda tu, hakuna kitu", siyo kweli kwa kila mahali. Kuna polisi wa miji ambao kwa sera yao hawamuulizi muathirika habari za uhamiaji, na kuna maeneo ambapo ofisi ya sherifu ina makubaliano na idara ya uhamiaji. Inategemea mnaishi wapi na karatasi zake zimekaaje. Ndo maana hapa nasema aonane na wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya kusaini chochote, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, siyo mtu wa mtaani anayejaza fomu kwa hela. Jambo la kumuuliza ni viza U na viza T. U ni kwa waathirika wa makosa mazito waliosaidia upelelezi, inatolewa 10,000 kwa mwaka na foleni ni ya miaka. T ni ya waathirika wa biashara ya binadamu, 5,000 kwa mwaka, na aliyekuwa chini ya miaka 18 hatakiwi kuthibitisha kwamba alishirikiana na polisi. Wakati mwingine mzazi wa mtoto aliyeumizwa anaweza kuingia humo, hata mtoto akiwa raia. Sisemi dada atapata, nasema balaa analoliogopa huenda lina sheria inayomlinda nyuma yake, na wakili wa dakika 40 atajua. Wakati huohuo wewe, kama karatasi zako ziko sawa, unaweza kwenda kituoni kama mama mdogo wa mtoto kufungua ile taarifa ya pili.

Mtoto mwenyewe. Kutolala, kutokula, kuogopa shule, hayo ni matokeo ya alichopitia, wala sio kiburi. Anaweza pia kumtetea yule mtu na kulia anamtaka, mama atapasuka kichwa, lakini ndivyo kamba hizi zinavyofungwa na zinalegea taratibu kwa msaada wa mtaalamu. Msimnyang'anye kila kitu akajiona mfungwa. Akisema anatamani kufa, akijikata, au akipotea tena hata nusu saa, hapo msiniandikie mimi. Kujidhuru pigeni au tumeni ujumbe 988, hatari ya sasa hivi 911. Kuna pia 1-800-786-2929, laini ya taifa ya watoto watoro, anaweza kupiga mwenyewe akiwa bado nyumbani, anawaza tu kutoka, na mzazi naye anaruhusiwa kupiga.

La mwisho, na mlishike mkiwa kaunta. Msikubali binti awe mkalimani wa mama yake kwenye kesi yake mwenyewe. Nimeona mtoto anageuza kwa Kiswahili yale aliyofanyiwa, mama amekaa pembeni, na anaruka sentensi ili asimuumize, ripoti inaandikwa na mashimo. Ofisi zinazopokea hela za serikali kuu, polisi, hospitali, mahakama, zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kuwahudumia hata wasiojua Kiingereza, na mkalimani halipwi na nyie. Kama Kiswahili chenu ni cha Congo au cha Lamu semeni mapema, watafute anayewaelewa. Wakikwambia hayupo leo, uliza wa kwenye simu. Wakisema huyo naye hayupo, chukua jina la afisa na tarehe, kisha piga ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti yenu, omba kuongea na mtetezi wa waathirika, karibu kila ofisi ina mmoja, na mwambie neno kwa neno ulichoambiwa.